Kuiuza Nyumba kwa Mnada wa Mtandaoni: Hatari Zake na Namna ya Kujikinga kwa Muuzaji wa Mtwara na Lindi

Mtu wa Mtwara au Lindi hahitaji kufundishwa maana ya mnada. Kila msimu wa korosho unapofunguliwa, wakulima wa Tandahimba, Newala, Masasi, Ruangwa na Nachingwea hukusanyika kusikiliza bei zinazosomwa, na tangu msimu wa 2024/2025 zabuni hizo huwekwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, ambalo wengi tunaliita TMX. Kwa sababu hiyo, mtu wa huku akiambiwa kuwa ipo tovuti inayonadi nyumba kwa simu ya mkononi, haoni la kutisha; anaona ni jambo lile lile alilolizoea, isipokuwa bidhaa ndiyo iliyobadilika. Dhana hiyo ndiyo iliyompeleka mama yangu mdogo kwenye hasara miaka michache iliyopita, aliponadi nyumba yake ya Chuno, Manispaa ya Mtwara, na mimi niliyemjazia fomu tukiwa tumeketi barazani nina sehemu yangu katika kosa hilo. Mwongozo huu nimeuandika ili anayefikiria kufanya kama tulivyofanya ajue kwanza mashimo yako wapi.

Korosho inaponadiwa, mzigo umeshapimwa uzito na ubora, uko ghalani, una stakabadhi, mnunuzi ana leseni na anajulikana, na juu ya yote wakulima wana haki ya kuikataa bei. Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala walizikataa bei zilizoletwa mnadani, na korosho zao zikabaki ghalani. Katika mnada wa nyumba wa mtandaoni, mzigo hauna anayeuthibitisha zaidi yako mwenyewe, mtoa dau anaweza kuwa ni jina tu na namba ya simu, na haki yako ya kusema "hatuuzi" ipo pale tu ulipoiandika mapema kwenye masharti. Karibu kila hatari nitakayoieleza hapa inatokana na muuzaji kuitoa haki hiyo kabla ya wakati wake, mara nyingi kwa kubonyeza "nakubali" bila kusoma.

Thibitisha kwanza kwamba una haki ya kuuza

Dau likishashinda, mnunuzi atakapogundua kasoro katika umiliki wako atakuwa na sababu ya kudai arubuni yake, yaani malipo yake ya awali, na huenda pamoja na fidia. Kwa hiyo kasoro hizo zitafute wewe kabla yake. Nenda ofisi ya ardhi ukaombe upekuzi rasmi wa hati yako hata kama unaamini unaijua vizuri, kwa maana upekuzi utakuonyesha kama kuna rehani ya benki ambayo haijafutwa, zuio lililowekwa na ndugu, au jina la marehemu ambalo halijabadilishwa. Lipa pango la ardhi linalodaiwa. Kama huna hati miliki bali una barua ya toleo au leseni ya makazi, sema hivyo waziwazi katika tangazo, kwa kuwa mnunuzi wa mbali akisoma neno "hati" anaelewa hati miliki, na akija kukuta kitu kingine atakuona tapeli. Kama nyumba iko kijijini kwenye ardhi ya kijiji, anza na halmashauri ya kijiji, kwa sababu haki ya kimila haihamishwi kwa mtu wa nje ya kijiji kwa makubaliano ya watu wawili peke yao.

Mwenye ndoa asinadi nyumba ya familia kimya kimya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na ridhaa hiyo inapaswa kuwa ya maandishi ili imkinge kila mmoja. Mtandao umeongeza uzito wa jambo hili: picha ya nyumba ikishapandishwa, haichukui siku mbili kabla haijamfikia mke aliyeko Newala kupitia kundi la familia la WhatsApp, na kuanzia hapo unachokabiliana nacho ni zuio.

Nyumba ya urithi ina shida zake zaidi. Anayeweza kuiuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, wala si mtoto mkubwa wala anayekaa ndani yake. Huku kwetu, miongoni mwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, ukoo wa upande wa mama bado una sauti kubwa, na mjomba ambaye saini yake haitakiwi na Msajili wa Hati anaweza kabisa kuuvunja mnada kwa kuketi barazani siku mnunuzi anapokuja kukagua na kumweleza kwamba wosia haukusomwa. Kaeni kikao, andikeni muhtasari, kila mrithi aweke saini na mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Muhtasari huo si mbadala wa barua ya usimamizi kutoka mahakamani, lakini unazuia maneno.

Masharti ya tovuti ndiyo mkataba wako

Hapa ndipo muuzaji anapopaswa kutumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Neno "mnada" linaficha makubaliano ya aina mbalimbali. Uingereza, katika mnada wa kawaida wa nyumba, nyundo ikigongwa mkataba umefungwa hapohapo. Mnunuzi kwa desturi hulipa asilimia 10 na hupewa siku 28 kumalizia. Hukohuko ipo namna nyingine ambayo mshindi hulipa ada ya kushikilia nyumba na kupewa takriban siku 56, na katika muda huo mauziano bado yanaweza kuvunjika. Katika tovuti ya eBay ya Marekani, dau la nyumba au kiwanja halifungi mkataba wa mauziano. Linaonyesha nia tu. Tovuti zilizotengenezwa kwetu au kwingineko huazima vipande vya taratibu hizi zote na kuviweka pamoja bila kumweleza muuzaji, hivyo usikisie kwamba unajua mnada huu ni wa aina gani mpaka umesoma.

Tafuta kwanza kifungu cha bei ya kikomo, yaani kiwango ambacho chini yake nyumba haiuzwi hata mnada ukifungwa. Hii haifanani na bei ya kianzio, ambayo mara nyingi huwekwa chini kwa makusudi ili kuvutia watu. Katika fomu ya mama mdogo, kisanduku cha bei ya kianzio kilikuwa juu kabisa chenye nyota nyekundu ya kuonyesha kuwa ni lazima kijazwe. Kisanduku cha bei ya kikomo kilikuwa chini, chini kabisa, baada ya sehemu ya picha, na hakikuwa na nyota. Niliandika milioni 20 kwenye kile cha kwanza kama tulivyoshauriwa na mhudumu wa tovuti kwa simu, kisha nikapandisha picha, nikaona kitufe cha kijani, nikabonyeza. Kisanduku cha pili nilikiona baada ya wiki mbili, nilipofungua upya ukurasa huo kutafuta tulikokosea, wakati mnada ulikuwa umeshafungwa kwa shilingi milioni 31. Nyumba ile ina vyumba vitatu, kisima, milango ya mninga, na mthamini tuliyemwendea baadaye aliipa thamani inayokaribia mara mbili ya hiyo.

Kifungu cha pili cha kutafuta ni lini kamisheni ya tovuti inadaiwa. Tovuti yenye haki hudai kamisheni baada ya muuzaji kupokea fedha. Nyingine huandika kwamba kamisheni inadaiwa "mnada unapofungwa", na maneno hayo mawili maana yake ni kwamba utalipa hata mshindi asipoonekana. Mshindi wetu hakulipa, kama nitakavyoeleza, lakini kampuni ilidai asilimia 4 ya dau lake, yaani shilingi 1,240,000, na ilikuwa na maandishi ya kuonyesha kuwa tulikubali. Uliza pia kama ada ya kutangaza inarudishwa nyumba isipouzwa, na kama picha na kuangaziwa juu ya ukurasa vina malipo ya ziada.

Kifungu cha tatu ni cha upekee. Baadhi ya masharti hukuzuia kumuuzia mtu mwingine kwa miezi kadhaa, hata jirani yako akija na fedha mkononi, au hukuruhusu lakini hudai kamisheni ileile. Katika mji kama Lindi, ambako wanunuzi wengi wa nyumba za Mpilipili au Mtanda hupatikana kwa kuulizana, kifungu hiki kinaweza kukufungia mlango wa soko lako halisi ili ukasubiri soko la kufikirika.

Angalia vilevile kampuni yenyewe ni nani. Itafute katika usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, uulize leseni ya biashara, na uulize hasa nani ndani yake ana leseni ya udalali wa minada, kwa sababu kwetu kunadi mali za watu ni kazi inayosimamiwa na Sheria ya Madalali wa Mnada, Sura ya 227. Sheria hiyo inataka ardhi isinadiwe kabla ya tangazo la hadharani la angalau siku 14, katika mji mkuu wa wilaya ilipo ardhi na mahali pa mnada. Tovuti inayokuhimiza ufunge mnada ndani ya siku tatu "ili bei isipoe" inakuingiza katika mnada unaoweza kupingwa. Kama masharti yanasema migogoro itaamuliwa katika nchi nyingine, usitie saini; mwenye nyumba ya Mikindani hana namna ya kwenda kudai haki ughaibuni.

Ukishindwa kuelewa kifungu, mpelekee wakili akusomee kabla ya kubonyeza chochote, na jina lake lihakiki katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Ada ya wakili kwa kusoma kurasa sita haiwezi kulingana na hasara ya kuuza nyumba kwa nusu bei.

Bei, na udogo wa soko letu

Mnada hupandisha bei pale tu watu wawili au zaidi wanaoitaka mali ileile kwa dhati wanapokutana kwa wakati mmoja. Dar es Salaam hilo ni rahisi. Kwetu, nyumba ya Naliendele au Ng'apa inaweza kukaa mtandaoni wiki mbili ikatazamwa na watu mia tano ambao kati yao hakuna hata mmoja anayekusudia kuhamia huku. Dau moja tu likiwekwa, mwenye dau hilo ndiye mshindi, na bei inakuwa ni ile aliyoipenda yeye. Ni kangomba ya nyumba, kama ule ununuzi haramu wa korosho: mwenye shida anauza kabla ya msimu, na mwenye fedha anapima kwa chombo chake.

Kwa sababu hiyo mtafute mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini kabla ya kuingia mnadani, na ripoti yake ndiyo iwe msingi wa bei ya kikomo. Usiipange bei kwa habari za miradi. Wengi wanakumbuka jinsi viwanja na pango za nyumba za Mtwara zilivyopanda katika miaka ya matarajio ya gesi, kabla bomba la kwenda Dar es Salaam halijakamilika mwaka 2015, na jinsi nyumba nyingi zilivyokuja kukaa tupu baadaye. Na leo ukitaja Likong'o kule Lindi kila mwenye kiwanja anataja bei ya kiwanda cha gesi ambacho bado hakijajengwa. Mtoa dau makini hulipa kwa nyumba anayoiona. Muuzaji anayeweka kikomo cha ndotoni hapati dau hata moja, na tangazo lake linabaki mtandaoni miezi na miezi likisema kwa kila mtu kwamba nyumba hii ilikosa mnunuzi, na bei yake halisi inashuka kwa ajili hiyo.

Kuhusu wakati, fedha huku hutembea baada ya malipo ya korosho. Mwenye uwezo wa kusubiri mpaka Desemba au Januari asinadi mwezi Mei.

Usipandishe hati yako mtandaoni

Wahudumu wa tovuti watakuomba picha ya hati miliki, kitambulisho cha taifa, na pengine saini yako, wakisema mnunuzi anataka uhakika. Picha safi ya hati pamoja na kitambulisho ni malighafi kamili ya kughushi: tapeli ana namba ya kiwanja, kitalu, jina, sura na saini, na anaweza kwenda kuuza nyumba yako kwa mtu wa mbali ambaye hajawahi kufika Shangani. Mnunuzi wa kweli anahitaji namba ya kiwanja na kitalu tu ili akafanye upekuzi wake. Kama ni lazima kuonyesha hati, funika namba ya hati na saini, na uandike juu ya picha, kwa maneno yanayopita katikati ya maandishi, kwamba nakala ni kwa ajili ya mnada fulani wa tarehe fulani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje, na tovuti isiyoweza kukujibu swali hilo haistahili kupewa hati yako.

Picha za ndani nazo zipigwe kwa uangalifu. Ondoa runinga, pikipiki na mtungi wa gesi kwenye picha, usionyeshe kufuli wala nondo za dirisha kwa karibu, na usiandike kwamba nyumba haina mtu. Wanaotaka kukagua wapokewe mchana, wakiwa wameacha majina na nakala za vitambulisho kwa mwenyekiti wa mtaa.

Saa za mwisho za mnada

Madau mengi huja mwishoni kabisa. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye mkeka, simu imeegemezwa kwenye birika, na ile saa ya kuhesabu kurudi nyuma ilikuwa imegeuka nyekundu; dau la milioni 31 liliingia saa tano na dakika hamsini na nane usiku, na hakuna mtu aliyepata nafasi ya kulijibu. "Mwanangu, ndiyo imeisha hivyo?" aliniuliza, na kwa kweli ilikuwa imeisha. Tovuti iliyotengenezwa vizuri huongeza dakika chache kila dau jipya linapoingia mwishoni, ili wengine wajibu. Uliza kama muda huo wa nyongeza upo. Usipokuwapo, tafuta tovuti nyingine. Chagua mnada ufungwe mchana wa siku ya kazi, saa ambazo benki, ofisi ya ardhi na wakili wako wanapatikana.

Weka pia sharti la maandishi kwamba mtandao ukizorota mnada unaahirishwa. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zilipata hitilafu, na watumiaji wa Tanzania na nchi jirani wakakaa na mtandao dhaifu kwa siku kadhaa. Mwezi huohuo mvua ziliikata barabara ya kuja kusini eneo la Somanga, kiasi kwamba aliyekuwa Dar es Salaam asingeweza kuja kukagua nyumba hata angetaka. Mnada ambao ungefungwa siku zile ungefungwa mikononi mwa yule mmoja aliyebahatika kuwa na mtandao.

Kuna madau ya uongo ya namna mbili. Ya kwanza huwekwa na watu wanaotumwa kupandisha bei, na wakati mwingine muuzaji mwenyewe hushauriwa amtumie shemeji yake "achangamshe" mnada. Usikubali kamwe: ni udanganyifu, na ukigundulika mnunuzi ana haki ya kuukataa mkataba. Ya pili huwekwa na mtu anayetaja bei kubwa ili kuwafukuza wengine, kisha anatoweka na kukurudia kwa jina jingine akiwa na nusu ya bei, akijua umeshachoka. Dawa yake ni kudai kila mtoa dau aweke amana kabla ya kuruhusiwa kushiriki, na tovuti ihakiki kitambulisho chake.

Mtoa dau akiwa raia wa nchi nyingine, fahamu mapema kwamba Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji kwa utaratibu maalumu. Dau lake linaweza kuwa kubwa kuliko yote na bado lisiweze kukufikisha kwenye uhamisho.

Fedha

Asubuhi baada ya mnada wetu, mshindi alituma kwa WhatsApp picha ya hati ya kuweka fedha benki, ya milioni 3, akiiita kishika uchumba, na akaomba apewe funguo ili fundi wake aanze kupiga rangi. Karatasi ilikuwa na muhuri, tarehe na jina la mama mdogo lililoandikwa sawasawa. Niliposoma namba ya akaunti kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine huku yeye akifuata kwenye kitabu chake, tukakuta imepungua moja. Tulikwenda kaunta, mhudumu akaangalia mara mbili, akasema hakuna kilichoingia. Mshindi aliendelea kupiga simu siku nzima akisisitiza kwamba mfumo wa benki umechelewa.

Kwa hiyo ishike kanuni hii bila kumwonea haya mtu: picha ya karatasi si fedha, ujumbe wa simu si fedha, na fedha ni zile tu ambazo benki yako, ukiwa umekwenda wewe mwenyewe au umefungua akaunti yako mwenyewe, inakuambia kuwa zimeingia na unaweza kuzitoa. Malipo makubwa yafanyike kutoka akaunti ya mnunuzi kwenda akaunti ya muuzaji kwa mfumo wa TISS, ambao huhamisha fedha kati ya benki na benki, na huacha kumbukumbu. Hundi usiihesabu mpaka imeiva. Usikubali fedha taslimu katika mabegi, kwa usalama wako na kwa sababu hutakuwa na ushahidi wa chanzo chake.

Utapeli mwingine unaowapata wauzaji ni wa malipo ya ziada. Mtu anadai ametuma milioni 5 badala ya milioni 3 kwa makosa, anakuomba umrudishie milioni 2 haraka kwa simu, na baadaye unagundua hakukuwa na chochote kilichotumwa. Fedha zikizidi kweli, zirudishwe na benki, kwenye akaunti zilikotoka. Hali kadhalika, hakuna sababu ya muuzaji kulipa "kodi ya kufungulia malipo", "ada ya bima ya mnada" au "gharama za kibali" kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Kodi za serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na jina la taasisi huonekana kabla hujathibitisha.

Kama tovuti inapendekeza fedha zipitie kwake kwanza, kataa, labda ziwekwe katika akaunti ya amana ya wakili mliyemkubali nyote wawili. Kampuni ikifilisika au ikifunga ofisi wakati fedha zako ziko kwake, utaanza kupanga foleni pamoja na wadai wengine.

Kutoka kwenye dau hadi uhamisho

Mshindi akishapatikana, andikeni mkataba wa mauziano kwa wakili. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi kinataka mkataba wa kuhamisha haki ya kumiliki ardhi uwe wa maandishi na uwe na saini ya yule anayedaiwa kuutekeleza, hivyo ukurasa wa tovuti unaosema "umeshinda" usiutegemee uwe ndio mkataba. Ndani ya mkataba taja arubuni, tarehe ya mwisho ya kumalizia, na kitakachotokea mnunuzi akishindwa: arubuni inabaki kwako kwa kiasi gani, na nyumba inarudi sokoni lini. Sharti la tarehe ya mwisho ni la lazima, kwani mnunuzi aliyelipa kidogo na kuchelewa sana anakufunga mikono. Huwezi kuuza kwa mwingine bila ugomvi.

Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, na tovuti nyingi hazitakukumbusha. Kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na asiye na kumbukumbu za gharama alizotumia hutozwa asilimia 3 ya bei ya kuuzia au thamani iliyoidhinishwa, ipi iliyo kubwa. Faida isiyozidi shilingi milioni 15 kwa nyumba uliyoimiliki na kuishi ndani yake kwa jumla ya miaka mitatu au zaidi ilisamehewa. Pita TRA uthibitishe kiwango cha sasa kabla ya kupanga bei ya kikomo, na tafuta risiti zako za saruji, mabati na ufundi, kwa maana kila risiti unayoionyesha inapunguza faida inayotozwa. Usikubali ombi la mnunuzi la kuandika bei ndogo kwenye mkataba. Bei ya mnada ilionekana hadharani, na mkataba unaosema kingine ni ushahidi dhidi yenu wote wawili.

Funguo na hati halisi zisitoke mikononi mwako kabla fedha zote hazijaingia. Fomu za uhamisho zikishasainiwa zinaweza kukaa kwa wakili mpaka benki ithibitishe.

Mambo yakiharibika

Hifadhi kila kitu siku ileile: piga picha ya skrini inayoonyesha dau, jina na saa, pakua masharti kama yalivyokuwa siku ulipoyakubali, na usifute mazungumzo ya WhatsApp hata kama yanakuudhi. Namba ya simu iliyotumika kukutapeli itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, kisha fungua taarifa polisi. Kughushi na kudanganya kwa kompyuta ni makosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ukisikia mtu ana nakala ya hati yako, kimbilia ofisi ya ardhi uwaarifu kwa maandishi na umuulize wakili kuhusu kuweka zuio. Mgogoro wa umiliki wenyewe hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa kamisheni inayodaiwa bila haki, usilipe kwa vitisho vya simu. Waombe wakuandikie dai, mpe wakili alijibu. Sisi tulilipa nusu kabla ya kujua hilo.

Mauziano yakikamilika salama, bado kuna kazi ndogo za siku hiyohiyo. Itake tovuti iondoe tangazo na picha, na ipate kwako ombi la maandishi la kufuta taarifa zako. Badilisha nywila ya akaunti uliyoitumia. Mpeleke mnunuzi kwa mwenyekiti wa mtaa umtambulishe. Mita ya LUKU na ankara ya maji zihamishiwe jina lake, ukikumbuka kwamba kodi ya jengo hukatwa kupitia hiyo LUKU, na ukiacha deni la nyuma litaonekana mara ya kwanza atakaponunua umeme.